Jina la Kundaeli Limefungwa

Siku hizi huku kwetu mtu akipiga hodi haitikiwi.

Si kwamba tumekuwa watu wabaya. Ni ile sheria. Sheria ilisema dalali wa ardhi asimsumbue mtu nyumbani kwake mpaka akaribishwe, nasi tukashangilia, tukaona tumepona. Kumbe madalali nao walikaa wakafikiri. Wakatengeneza mashine ndogo zinazoruka, ukubwa wa kuku tetea, zikawa zinatua getini na kusema, "Hodi, wenyewe," kwa sauti ya mtu aliyelelewa vizuri kabisa. Na mtu mzima gani atasikia hodi anyamaze? Unaitika, "Karibu!" Basi. Karibu yako imeandikwa. Kwa siku thelathini dalali ana haki ya kuja kwako, kupima, kupiga picha, kukuuliza kama hujachoka na kihamba, shamba kubwa hivi la ukoo, peke yako.

Tukajifunza kunyamaza. Anayekuja kwangu kwa wema anakohoa, au anaita jina langu tangu kule kwenye mfereji. Watoto wadogo wa sasa hawajui hata kama hodi ina jibu.

Dawa ipo. Unakwenda ofisi ya kata unafunga jina. Daftari la Ardhi liko wazi kwa kila mtu: jina lako, umri wako, namba yako ya simu, kama ni mjane, kama warithi wako wako mbali. Ukifiwa asubuhi, kabla mchana haujafika dalali ameshakupa pole. Lakini ukifunga jina, unafutika machoni pa watu. Hupigiwi, hutafutwi, haijulikani unalala wapi, isipokuwa kwa yule uliyempa ufunguo kwa mkono wako mwenyewe.

Wenzangu karibu wote wamefunga. Mimi langu nililiacha wazi miaka tisa. Mashine zikanijia asubuhi na mchana, nikawa nazifukuza kama mtu anayefukuza nzi kwenye maziwa. Nililiacha kwa sababu mwanangu Kundaeli alifunga lake, na hakunipa ufunguo. Kama na mimi ningefunga langu, siku akitaka kunipigia, simu yake ingenifikaje?

*

Jumanne moja asubuhi nilikuwa nakata majani ya ng'ombe. Mashine ikaja ikatua juu ya nguzo ya geti. Nikangoja iseme hodi ili niinyamazie. Haikusema. Ilishuka taratibu, ikaweka kitu chini mbele ya miguu yangu, ikarudi juu ya nguzo ikatulia.

Lilikuwa jani la isale, limefungwa fundo.

Isale ni ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka, majani yake marefu ya kijani. Kila mgeni akiuona anadhani ni ua la uzio tu. Lakini mtu aliyekukosea akikuletea jani lake lililofungwa fundo, hulikatai. Hata kama alimuua ng'ombe wako. Unalipokea kwa mikono miwili, unasema yamekwisha, ndipo mnakaa mnazungumza. Na halichunguzwi kwanza. Anayelichunguza kwanza anahesabiwa kuwa amekataa.

Kwa hiyo sikuchunguza. Nilitupa mundu chini, nikafuta mikono kwenye kanga, nikaliokota. Nikakaa palepale kwenye majani ya ng'ombe.

"Nimepokea," nikasema. "Yamekwisha, mwanangu. Karibu nyumbani."

Mashine ikawaka taa ya kijani, ikaruka ikaondoka.

Jirani yangu Mama Nsia alinikuta jikoni nikimenya ndizi mshare, sufuria kubwa iko motoni. Yeye ndiye mtu pekee anayeingia kwangu bila kukohoa.

"Mama Kunda, kuna msiba au kuna harusi? Sufuria hiyo sijaiona tangu tumzike mzee."

Nikamwonyesha isale. Akalitazama bila kuligusa.

"Nani kaleta?"

"Mashine."

"Mashine inaleta isale? Isale linaletwa na mtu mwenye miguu, tena mtu mzima, tena ametanguliza pombe ya mbege!"

"Jina lake limefungwa. Angemtuma mtu gani asijulikane alipo? Amefanya alivyoweza."

Mama Nsia akavuta kigoda akakaa. Ana mdomo huyu mama, lakini siku hiyo aliutunza kidogo. "Sikiliza," akasema. "Yeye si ndiye aliyekosewa? Sasa isale alilete yeye?"

Hilo ndilo lilikuwa kweli, na ndilo lilinifanya nisikie kama kifua kimepasuka. Kundaeli hakunikosea. Mimi ndiye niliyemkosea. Miaka tisa nimetaka kumpelekea isale mimi, nisiwe na pa kulipeleka. Kama amelileta yeye, basi mwanangu amenizidi utu, amebeba hata mzigo wangu.

"Menya ndizi," nikamwambia Mama Nsia. "Akija atakuwa na njaa."

Nilifagia chumba chake. Nikatandika shuka nililokuwa nimelihifadhi. Nikachinja jogoo ambaye Mama Nsia alikuwa ameniomba kwa ajili ya mbegu, akanuna, kisha akamnyonyoa yeye mwenyewe.

Saa tisa mchana geti likalia. Mtu akakohoa.

"Ndiye!" nikasema, nikatoka mbio, mimi mwenye miguu hii.

Alikuwa msichana wa kama miaka thelathini, amevaa kizibao cha njano kimeandikwa Mlango Wazi, mkononi ana kipimo. Nyuma yake walikuwa wanaume wawili na kamera.

"Shikamoo Bibi. Naitwa Elinuru, natoka kampuni ya Mlango Wazi. Tunashukuru sana kwa kutukaribisha."

Nikatazama nyuma yake. Nikatazama nyuma ya wale wanaume.

"Kundaeli yuko wapi?"

Wakatazamana.

"Bibi, sisi ni wa tathmini ya kihamba. Ulitukaribisha leo asubuhi, saa mbili na dakika kumi. Sauti yako tunayo."

Mama Nsia alifika na mwiko mkononi. "Nyinyi ndio mliotuma isale?"

"Ni salamu ya kimila tu, Mama," Elinuru akasema. "Kampuni inaheshimu mila za…"

"Salamu! Wewe mtoto wa nani? Kwenu ni wapi?"

"Kibosho."

"Mtoto wa Kibosho unaita isale salamu? Mama yako anajua kazi unayofanya? Au unamwambia unauza vitenge?"

Yule msichana akainamisha kichwa. Wale wanaume wakaanza kufungua miguu ya kamera, maana sheria ilikuwa upande wao. Mimi nilirudi ndani, nikachukua sahani, nikapakua mtori, nikawaletea. Mama Nsia aliniuliza kama nimepatwa na wazimu. Lakini nilikuwa nimepokea isale na kusema karibu, na chakula kilikuwa kimeiva. Ningekimwaga wapi?

Wanaume walikula. Elinuru alishika sahani mpaka ikapoa, akairudisha kama alivyopewa.

*

Siku ya tatu alirudi peke yake, kwa miguu, hana kizibao. Mimi na Mama Nsia tulikuwa tunapembua maharage barazani.

"Huyu hapa muuza vitenge," Mama Nsia akasema.

"Shikamooni." Alibaki amesimama juani. "Bibi, nimekuja kukueleza walivyojua."

"Walivyojua nini?"

"Kwamba isale ndilo litakalokufungua mdomo."

Nikamwambia akae. Akakaa ngazi ya chini kabisa.

Inabidi nieleze habari ya vigingi. Zamani mipaka ilikuwa mawe ya zege. Wakaja wakayang'oa, wakapanda vigingi vya chuma cheusi, kimo cha goti, kila pembe ya kila kiwanja nchi nzima. Tuliambiwa vinasikiliza ardhi: maji yamepungua wapi, udongo unatembea wapi, nani amesogeza mpaka. Na ni kweli, mwaka ule wa maporomoko viliokoa watu. Lakini sikio ni sikio. Huwezi kuliambia limsikie mchwa lisimsikie mtu.

"Kigingi chako cha juu, kule karibu na makaburi," Elinuru akasema. "Kila jioni unakwenda unakaa pale."

Maharage yakanitoka mkononi.

"Unasema, 'Kunda, leta isale wewe mwanangu, maana mimi sina pa kulipeleka. Hata jani moja.' Miaka tisa, Bibi. Maneno hayohayo. Kampuni inanunua usikivu wa vigingi kwa siri, inaipa mashine isome. Mashine haijui isale ni nini. Iliona tu kwamba ndicho kitu unachokitaka kuliko vyote. Mimi ndiye niliyeulizwa ni jani gani, nikawaonyesha. Mimi ndiye niliyelifunga fundo."

Mama Nsia aliacha kupembua.

Nilikuwa nimeona aibu mara nyingi katika maisha yangu, lakini hii ilikuwa nyingine. Ni kama mtu amekuvua nguo kanisani wakati umefumba macho unasali. Pale juu, kwenye kile kigingi, ndipo nilipokuwa nikisema yale ambayo hata Mama Nsia sijawahi kumwambia yote.

Nilikuwa nikiyasema pale kwa sababu pale ndipo lilipotokea kosa langu. Mtoto wa Kundaeli alifariki ana miezi saba, homa ya siku mbili. Kundaeli akamleta amemfunga kwenye shuka, anataka amzike kwenye kihamba, kando ya babu yake. Wazee wa ukoo wakakataa. Walisema mama yake mtoto hajatolewa mbege ya mahari, hatujafika kwao, mtoto ni wa upande wa kwao. Kundaeli akasema, "Kihamba ni cha Mama, hati ina jina lake, na aseme yeye." Wote wakanigeukia. Ningesema neno moja tu, "Mzikeni," hakuna mzee ambaye angenishinda. Nikatazama chini. Mwanangu alingoja muda mrefu. Kisha akamchukua mtoto wake akashuka naye mjini, akamzika makaburi ya manispaa, na wiki ile ile akafunga jina.

"Kuna jambo jingine," Elinuru akasema. Akatoa kikaratasi kilichokunjwa, akakiweka juu ya ngazi kati yetu. "Mtu akifunga jina, jina ndilo linalofungwa. Mwenyewe bado anakaa mahali, na kila mahali pana kigingi. Mashine zilipolinganisha sauti yake ya zamani na za vigingini zilimpata. Amepanga nyumba. Mji, mtaa, namba, vyote nimeviandika hapo. Kampuni walitaka kukuuzia hiki kikaratasi kwa sahihi yako. Mimi nimekiiba nakupa bure. Ni cha kwako, Bibi. Nisamehe."



"Chukua!" Mama Nsia akasema. "Mama Kunda, chukua unangoja nini? Kesho asubuhi tunapanda basi wote wawili, mimi nitakubebea mfuko."

Nikakichukua. Kilikuwa chepesi kama ganda la kitunguu. Kilikuwa na mwanangu ndani.

"Yeye anajua kwamba mmempata?" nikauliza.

"Hajui."

"Na mmempata kwa kumsikiliza. Kama mlivyonisikiliza mimi."

"Ndiyo, Bibi. Na yeye huwa anazungumza peke yake. Nyuma ya nyumba, akifua. Anakutaja. Nimesoma anayosema. Ukitaka nita…"

"Usiniambie!"

Nilipiga kelele hata ng'ombe akashtuka. Nikageuza uso, nisije nikasoma jibu machoni pake. Maana macho yake yalikuwa yamejaa, na macho yaliyojaa yanaweza kuwa na habari ya namna yoyote.

"Wewe ni mama yake," Mama Nsia akasema polepole. "Mama hapigi hodi kwa mwanawe. Hiyo sheria ya majina ni ya madalali, si ya mama."

"Mama Nsia, juzi hapa ulikuwa na mwiko mkononi. Ulikuwa unamtetea nani?"

"Wewe!"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu walikuingilia!"

"Basi."

"Si sawasawa, Mama Kunda. Wao wanataka ardhi. Wewe unamtaka mtoto."

"Najua. Mimi namtaka zaidi kuliko wao wanavyoitaka ardhi. Ndiyo maana mimi ni wa kuogopwa zaidi."

Mama Nsia akaanza kulia. Akasema mimi ni mpumbavu, kwamba nimezeeka, kwamba nitakufa sijamwona, na wakati huo atakayejuta nani? Nikamwambia atakayejuta ni mimi. Kundaeli aliniuliza mara moja tu maishani, mbele ya watu, nami nikanyamaza. Baada ya hapo hakutaka tena sauti yangu. Kuliacha jina lile limefungwa ndicho kitu pekee alichowahi kuniomba ambacho bado ninaweza kumpa.

Nikamwuliza Elinuru, "Mtu akivunja jina lililofungwa, anashtakiwa wapi?"

"Ofisi ya kata," akasema. Kisha akaelewa. Akafunga kamba za viatu vyake, ambazo hazikuwa zimefunguka. "Itabidi nije na mimi. Bila shahidi hawatakusikiliza."

"Watakufunga."

"Najua, Bibi."

*

Karani wa Daftari pale katani ni Mzee Lema, mtu wa makamo, miwani yake ameifunga kwa uzi. Alimsikiliza Elinuru mpaka mwisho, akaandika, kisha akamwomba akangoje chumba cha pili. Alipotoka, yule msichana aliniinamia, nami nikamgusa kichwa. Sikuwa na lingine la kumpa.

"Sasa Bibi, nikueleze vizuri," Mzee Lema akasema. "Nikipokea taarifa hii, kigingi cha kule alipo kitazibwa leo. Jina lake litafungwa upya kwa kufuli ambalo mashine hazijalijua. Kampuni itajibu mahakamani. Na hiki kikaratasi kitachomwa. Hujakifungua?"

"Sijakifungua."

"Kikishachomwa, hata mimi sitaweza kukurudishia. Hata ukija hapa unalia."

"Nimeelewa, baba."

Akakitazama kikaratasi, akanitazama. "Mimi nina mtoto Uarabuni," akasema. "Ningekuwa wewe, sijui." Akavua miwani akaipangusa. "Ngoja nitoke nikanywe maji. Nitachelewa kidogo."

Akatoka. Akaniacha na kile kikaratasi juu ya meza, mlango umeegeshwa.

Sitasema uongo. Nilikishika. Nilikiweka shavuni. Pembe moja ilikuwa imekunjuka, nikaona herufi moja ya wino wa bluu, sijui ni M au ni N, nikafumba macho haraka. Nikakirudisha juu ya meza, nikaiweka mikono yangu yote miwili mapajani mpaka yule mzee akarudi.

Aliona kilivyokaa. Akakitia kwenye bakuli la bati, akawasha kiberiti. Kiliwaka kidogo tu.

"Taarifa inamfikia mwenye jina papo hapo," akasema, vidole viko juu ya mashine yake. "Inamwambia, 'Jina lako lilivunjwa, limefungwa upya, uko salama.' Kuna nafasi ya jina la aliyetoa taarifa. Sheria inakuruhusu. Niliweke lako, au lifichwe?"

Hilo sikuwa nimelitegemea.

Akiliona, atajua. Atajua nilikuwa naye mkononi nikamwachia. Pengine moyo wake ungelainika. Pengine angepiga simu siku hiyohiyo. Nilifungua mdomo niseme liweke.

Kisha nikakumbuka yule mjukuu wangu aliyefariki aliitwa nani. Kwetu binti wa kwanza anapewa jina la bibi mzaa baba. Yule mtoto aliitwa Aikaruwa, jina langu. Kundaeli akifungua taarifa katikati ya shughuli zake, bila kujiandaa, bila kuomba, atakutana na jina la mtoto wake aliyemzika peke yake.

"Lifiche," nikasema.

"Una hakika, Bibi?"

"Andika kwamba ni mtu tu."

Akaandika. Akabonyeza. Nikamwuliza itachukua siku ngapi kufika.

"Imeshafika." Akasogeza uso karibu na kioo, taa ndogo ikiwaka pembeni yake. "Ameifungua sasa hivi."

Nikashika ukingo wa meza. Miaka tisa sikuwahi kujua hata dakika moja mwanangu anafanya nini. Sasa nilijua. Alikuwa amesimama mahali fulani, au amekaa, ameinamisha kichwa, anasoma.

"Bado anasoma?" nikauliza.

"Bado."

Mzee Lema hakuniambia niondoke. Nje watu walikuwa wanagombania foleni. Sisi wawili tuliitazama ile taa ndogo.

"Na sasa?"

"Bado anasoma, Bibi. Anairudia."

Kisha taa ikazimika.

"Amemaliza," akasema.